Mzazi kasema mishahara ya walimu ibandikwe ubaoni. Mimi ni mwalimu, na nasema ibandikwe, ila yote

#1 ChakiNyeupe

Kwema wakuu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwetu. Ni sekondari ya kata huku kanda ya ziwa, jina niachieni. Ajenda zilikuwa zile zile: utoro, matokeo ya muhula, uji. Mkuu wa shule akasoma mapato na matumizi, kisha akawaelekeza kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni nje ya ofisi. Ruzuku ya uendeshaji, ile ya shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: imeingia kiasi gani, chaki imekula ngapi, karatasi za mitihani ngapi, umeme wa luku ngapi.

Hajakaa vizuri, mzee mmoja mvuvi kule nyuma akavua kofia, akasimama.

"Mkuu, ya chaki tumeiona. Ya kwenu ninyi mbona haipo? Nayo si inatoka kwenye kodi yetu?"

Wazazi wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mwalimu wa taaluma akainamia simu yake kama mtu aliyepata ujumbe wa msiba. Mkuu akajibu kwamba hilo ni suala la mwajiri, tukahamia kwenye uji.

Jumatatu stafu paliwaka. Tuko kumi na mmoja. Tisa wanasema yule mzee katukosea adabu. Wawili, yaani mimi na mwalimu wa Kiswahili, tunasema mzee ana hoja. Ijumaa tuna kikao cha walimu na mkuu kasema tutalijadili, kwa hiyo naleta hapa mnichambulie kabla sijapigwa mawe.

Hoja yangu ya kwanza: siri ipi? Mangi mwenye duka hapo senta anajua mshahara umeingia kabla simu yangu haijalia. Wale vijana wa mikopo wanaokuja stafu na pikipiki na begi la fomu ndio hata usiseme. Mwezi wa tatu 2023 mmoja alinikalia mezani, akaniomba cheki namba tu (namba ya utumishi), akabonyezabonyeza kikokotozi chake, akaniambia, "Mwalimu, nafasi yako ya kukatwa kwa mwezi ni laki mbili na hamsini na nane." Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nilipokuja kukaa na kalamu nikakuta kweli, 258,760, ukiacha ile moja ya tatu ya mshahara ambayo sheria inataka ibaki. Mtu wa pikipiki anajua mfuko wangu mpaka shilingi ya mwisho. Mzazi ninayemfundishia mtoto ndiye asijue?

Ya pili, na ndiyo kubwa. Namba inayotajwa mitaani siyo. Nawawekea slipu yangu ya 2023, mwalimu wa digrii, TGTS D (TGTS ni ngazi za mishahara ya walimu wa serikali), ngazi ya kuanzia.

Mshahara: 771,000
PSSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 5: 38,550
Bima ya afya asilimia 3: 23,130
Chama asilimia 2: 15,420
Kodi: 62,490
Bodi ya Mikopo asilimia 15: 115,650
Kilichoingia benki: 515,760

Hapo sijakopa popote. Sijaweka hisa saccos. Huyu ni mwalimu msafi kabisa, na laki mbili na nusu na kidogo zimeshaondoka kabla hajanunua sukari.

Sasa kumbukeni Mei 2022, ilipotangazwa nyongeza ya asilimia 23.3. Nchi nzima ilisikia hiyo namba. Baba yangu alinipigia simu kunipongeza, na katikati ya pongezi akataja bati. Ile 23.3 ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 300,000 kwenda 370,000. Mimi nilitoka 716,000 nikaenda 771,000. Hiyo haifiki asilimia 8. Na katika ile 55,000, baada ya kila mwenye kisu kukata chake, benki ilifika 30,800. Mpaka leo baba anaamini nilipewa robo ya mshahara nikaificha.

Mei Mosi ya 2025 pale Singida ikawa hivyo hivyo: asilimia 35.1, kima cha chini kutoka 370,000 kwenda 500,000. Safari hii baba hakupiga simu, alituma mdogo wangu.

Kwa hiyo mimi nasema ibandikwe, lakini si namba moja ya juu. Ibandikwe ngazi, mshahara, kila kato kwa jina lake, kinachobaki, na safu ya mwisho: mwalimu yuko kwenye daraja hilo tangu mwaka gani, na anamdai mwajiri nini. Malimbikizo, likizo, hela ya uhamisho. Mzee alitaka mapato na matumizi, tumpe na madeni.

Nawasilisha.

#2 Jiwe la Pembeni

Mkuu umeoa? Swali tu.

#3 ChakiNyeupe

Nimeoa. Nywila ya mfumo wa slipu anaijua yeye, mimi huwa naisahau.

#4 Jiwe la Pembeni

Basi wewe huwezi kutuelewa sisi wengine. Endeleeni.

#5 Mwl wa Nyasa

Mleta uzi, kwa heshima zote, unaongea kama mwanaume anayeishi mbali na kwao.

Mimi nafundisha msingi, diploma, TGTS C. Niko kijiji cha tatu kutoka kwetu. Ukibandika pale ubaoni 590,000, kwa viwango vya slipu yako ya 2023, hiyo safu yako ya makato hakuna atakayeisoma. Watasoma namba ya juu, basi. Mjomba wangu anauza mpunga mara moja kwa mwaka. Kwake mtu anayepata karibu laki sita kila mwezi bila kusubiri mvua ni tajiri, na hakuna hesabu ya PSSSF itakayomwambia vinginevyo.

Wewe unajua msiba wa kijijini ulivyo? Daftari la michango linapita, wenzangu wanaandika elfu mbili, elfu tatu. Likifika kwangu jina langu limeshaandikwa na kiasi kimeshawekwa kwa penseli. Elfu ishirini. Sijaulizwa. Hapo hakuna aliyebandika kitu, ni kukisia tu. Wakiwa na karatasi yenye muhuri wa shule?

Hiyo siri unayoicheka ndiyo inayonifanya niweze kusema "mwezi huu sina" nikaaminiwa na nusu ya watu.

#6 Karani wa Zamani

Nimefanya kazi masijala na baadaye kwenye mishahara, halmashauri mbili tofauti, sasa nimepumzika. Naomba nitenganishe mambo mawili ambayo naona mnayachanganya.

Kuna ngazi, na kuna mtu. Ngazi ya mshahara ni jambo la umma. Inapangwa kwa waraka, inalipwa kutoka bajeti inayopita bungeni, na mwananchi ana haki ya kuiuliza kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Kituko chetu ni kwamba tangazo la ajira linakuandikia "TGTS D" halafu linanyamaza. Herufi ipo, shilingi hakuna. Kijana anaomba kazi bila kujua atalipwa nini, anaenda kuuliza kwenye majukwaa kama hili. Hili lingerekebishwa kesho asubuhi na hakuna mtu angeumia.

Ukishaweka jina mbele ya hiyo namba umeingia eneo jingine. Tuna Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Jina la mwalimu, mshahara wake, mkopo wake, deni lake la Bodi: hizo ni taarifa zake. Mkuu wa shule hana mamlaka ya kuzitundika ukutani kwa sababu mzazi kapigiwa makofi. Kwenye slipu kuna mambo mengine mazito. Nimeona slipu yenye kato la matunzo ya mtoto kwa amri ya mahakama, na mwenye slipu nyumbani hakuwa amesema kitu. Hiyo nayo mtaibandika?

Kwa hiyo ChakiNyeupe, bandika ngazi na mfano wa makato. Majina ondoa.

#7 Mbeba Boksi

Niko Ontario, Kanada, mwaka wa kumi na moja sasa. Huku wanabandika na majina.

Kuna sheria ya mwaka 1996: mtumishi yeyote wa umma akilipwa dola 100,000 au zaidi kwa mwaka, jina lake, cheo, mwajiri na kiasi alicholipwa vinatangazwa kila mwaka ifikapo tarehe 31 Machi. Wenyeji wanaiita Sunshine List. Unaingia mtandaoni, unaandika jina, linakuja. Bure.

Mwaka ule wa 1996 dola laki moja ilikuwa hela ya mabosi, na shabaha ilikuwa wao. Shida ni kwamba kile kiwango hakijaguswa tangu siku hiyo. Bei za vitu zimepanda, mishahara imejivuta nyuma yake, leo mwalimu wa kawaida aliyefika kileleni mwa ngazi yake anaingia kwenye orodha. Ina majina zaidi ya laki tatu. Nyavu iliyotegwa kwa sangara inaleta dagaa. Na kila Machi ikitoka, watu hawaongelei bosi wa shirika la umeme anayelipwa mamilioni. Wanaongelea mwalimu wa jirani yao, kwa sababu huyo ndiye wanayemjua.

Nikiri na langu. Mwaka juzi nilimtafuta mwalimu wa binti yangu. Sikuwa na sababu, nilikuwa zamu ya usiku na simu ipo mkononi. Nikamkuta, mpaka senti. Asubuhi nampeleka mtoto, mwalimu yupo mlangoni na koti lake la baridi anawapokea, ananisalimia kwa jina, mimi naangalia viatu vyangu. Nilijisikia kama nimemchungulia bafuni.

Norway walilimaliza kwa akili. Kipato cha mtu unaruhusiwa kukiangalia mtandaoni, ila tangu 2014 mwenyewe anaonyeshwa nani kamchungulia. Wachunguliaji wakapungua sana. Mimi ningekuwa wa kwanza kukimbia.

Ila nikuunge mkono kwenye jambo moja, ChakiNyeupe: hata hii orodha ya huku inataja kilicholipwa kabla ya makato. Kodi ya huku ukiijua utalia.

#8 Sato wa Kukaanga

Walimu mnalalamika sana. Saa nane mko nyumbani, likizo mara mbili kwa mwaka, bado mnataka na sisi tuwasomee slipu.

#9 ChakiNyeupe

Sato, madaftari 214 ya Hisabati yapo mezani kwangu sasa hivi, na hii ni saa tatu usiku. Karibu usahihishe.

#10 Mdigo wa Voi

Hamjambo majirani. Mimi ni mwalimu Kenya, sekondari.

Kwetu hili si siri kabisa. Mkataba wa pamoja kati ya TSC, tume inayotuajiri, na vyama vya walimu ukitiwa sahihi, magazeti huchapa jedwali zima kuanzia B5 hadi D5, na marupurupu ya nyumba kandokando. Tume ya Mishahara ipo kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kifungu cha 230, na kazi yake inafanywa mchana kweupe. Mama mboga wangu anajua niko daraja gani.

Na je, imetusaidia? Nitawapa pande zote mbili.

Mwaka wa 2015 mahakama ya kazi iliamua walimu waongezwe asilimia 50 hadi 60. Ilikuwa habari kuu kila mahali. Serikali ikasema haina pesa, Septemba tukagoma wiki tano, Novemba Mahakama ya Rufaa ikatupilia mbali ule uamuzi. Mwenye nyumba wangu alikuwa amesoma gazeti la kwanza. Kodi akaipandisha Agosti. Nyongeza sikuiona, na kodi haikushuka hata Novemba ilipofika. Nilimpelekea gazeti la pili, akaniambia yeye hasomi siasa.

Upande wa pili. Walimu wanagenzi wa sekondari ya chini walikuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kazi ile ile, vipindi vile vile, wengine zaidi. Kwa muda mrefu wananchi walidhani mwalimu ni mwalimu. Wale vijana walipoingia barabarani mwaka wa 2024 wakiitaja ile elfu ishirini kwa sauti, ndipo wazazi wengi walipojua kwamba aliye mbele ya mtoto wao analipwa chini ya bawabu wa benki. Namba ile iliwasaidia kuliko hotuba yoyote. Hapo hakuna aliyehitaji majina.

Na kuhusu makato, tuwekee nasi safu. Ada ya nyumba asilimia 1.5, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, kisha kodi, kisha pensheni, kisha sacco. Gazeti halijawahi kuchapa hayo kwenye jedwali lake.

Jambo jingine lichekeshalo: kila baada ya miaka miwili tunajaza fomu ya kutangaza mali. Mshahara, ng'ombe, ploti, za kwako na za mke na za watoto wadogo. Mwalimu wa chekechea anajaza fomu ile ile anayojaza mkubwa wa wizara. Kisha inafungiwa na hakuna anayeiona tena. Yaani siri ya mkubwa na siri ya mwalimu zinalala kabati moja, lakini jedwali la gazetini ni la mwalimu peke yake.

#11 Jiwe la Pembeni

"Nilimpelekea gazeti la pili, akaniambia yeye hasomi siasa." Hahaha, Mdigo, huyo baba mwenye nyumba yupo Dar, ana nyumba tatu, nimepanga kwake.

#12 Mpakani Mutukula

Nyote mnasema majina yaondolewe. Mimi nasema yawekwe, na sababu yangu ni ya wizi.

Kwanza mnajua hii habari ya kubandika hela za shule ubaoni ilianzia wapi? Jirani zetu hapa Uganda. Miaka ya tisini, Benki ya Dunia na serikali yao walifuatilia ruzuku za shule za msingi, wakakuta katika kila shilingi mia iliyotoka hazina, zilizofika shuleni ni kama kumi na tatu. Zilizobaki zililiwa njiani, wilayani. Walichofanya ni rahisi mno: wakaanza kutangaza magazetini kila fungu linalotumwa, na kila shule ibandike imepokea kiasi gani. Miaka michache baadaye zinazofika zikawa kama themanini. Gazeti na gundi tu.

Sasa njooni kwetu. 2016, uhakiki wa watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa bila mtu kuwepo kazini, wakaondolewa zaidi ya elfu kumi kwenye orodha ya mishahara. 2017, vyeti vya kughushi, watumishi 9,932. Miaka yote hiyo mishahara ilikuwa inatoka, na kila jina lilikuwa na kituo cha kazi. Kituo hicho ni shule. Shule ina wanafunzi. Ungebandika majina ya wanaolipwa kwenye shule ile, mtoto wa darasa la tano angekuambia, "Huyu wa nne hatumjui." Uhakiki ungekwisha saa ya chai.

Kuficha majina kunamlinda Mwl wa Nyasa dhidi ya mjomba, sawa. Kulimlinda na yule mwalimu aliyekufa akaendelea kulipwa.

#13 Karani wa Zamani

Mutukula, hoja nzito, naikubali nusu. Ili kumnasa hewa unahitaji majina, lakini huhitaji shilingi. Bandika orodha ya walimu wa shule: jina, somo, basi. Mtoto wa darasa la tano atakuambia yule wa nne hayupo bila kujua analipwa ngapi.

#14 Mpakani Mutukula

Mzee umenimaliza. Narudisha panga.

#15 Hana Kituo

Mimi wa shule binafsi. Naona mnagombania ukuta ambao sisi hata hatuna.

Serikalini mna herufi. D ni D, awe Kigoma awe Kinondoni. Sisi kila mtu anaingia ofisini peke yake, mlango unafungwa, anatoka na namba yake. Kwenye mkataba wangu kuna mstari unaosema nikimwambia mwenzangu mshahara wangu ni kosa la kinidhamu. Nilisaini. Nilikuwa na njaa.

Mwaka jana nikaenda kutoa kopi za mtihani. Kwenye mashine mtu kasahau karatasi, iko kifudifudi. Nikaigeuza. Ni slipu ya mwenzangu, tunafundisha somo moja, vidato sawa, mimi nimemtangulia miaka miwili, na vipindi vyangu vimezidi vyake vinne. Ananizidi laki moja na themanini.

Niliirudisha ile karatasi kama nilivyoikuta, kifudifudi, nikatoa kopi zangu. Nikaingia darasani nikafundisha fotosinthesisi. Sikumwambia yeye, sikumwambia mwenye shule. Ningeanzaje? Nikisema nimejua, nimevunja mkataba.

Sasa mniambie tena siri inamlinda mwalimu.

#16 Mwl wa Nyasa

Hana Kituo, pole ndugu yangu. Hiyo imenichoma.

Sijabadili msimamo wangu kuhusu majina, lakini nakubali kwamba siri yangu na siri yako si kitu kimoja. Mimi namficha mjomba. Wewe unafichwa.

#17 Mzee wa Mserereko

Vijana shikamooni, au niseme marahaba kabisa maana nimewazidi wengi humu. Chaki nimeshika miaka thelathini na nne.

Nimesoma uzi wote na nimeona watu wanapita juu ya ile safu ya mwisho ya mleta mada kama haipo. Ndiyo pekee yenye maana. Mshahara ninyi mnaujua, makato mtayajua. Daraja je?

Mimi nilistahili kupanda 2016. Uhakiki ukaanza, kila kitu kikasimama. Nyongeza ya mwaka hakuna, daraja hakuna. Mei Mosi ya 2018 kule Iringa tulisimama juani tukaambiwa hela ni za reli na umeme. Tukaelewa, au tukanyamaza. Baadaye wakaanza kutupandisha kwa mserereko, yaani kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye daraja alilocheleweshwa, wengine wakaruka, wengine wakasahaulika. Nina wanafunzi niliowafundisha mimi, wakawa walimu, wakanipita daraja kwa sababu faili lao lilikuwa halmashauri nyingine.

Na pensheni inakokotolewa kutokana na mshahara. Miaka niliyocheleweshwa haikuishia kwenye slipu, nimekuja nayo nyumbani, nakula nayo mpaka nife. Hiyo haionekani kwenye ngazi wala kwenye jedwali la gazeti la Kenya. Ukibandika "TGTS F, 1,280,000" ya viwango vya 2023 mzazi anaona mwalimu mkongwe amepata. Haoni kwamba alipaswa awe hapo miaka mitano kabla.

Nakumbuka Oktoba 2017 Rais Magufuli alitaja mshahara wake hadharani, milioni tisa. Stafu nzima tuliliongelea wiki nzima, wengine wanaamini, wengine hawaamini. Mwalimu mwenzetu mmoja, sasa ni marehemu, akasema: yeye kataja anachopata, mimi nitaje ninachodai, tuone nani ana namba kubwa zaidi. Tulicheka. Alikuwa anadai nauli ya uhamisho tangu mwaka ambao sitautaja.

#18 Sato wa Kukaanga

Mzee nimekuelewa. Nafuta la juu. Ila saa nane mnatoka, hilo silifuti.

#19 ChakiNyeupe

Wakuu, mrejesho wa kikao cha Ijumaa.

Nilikwenda na hoja ya Karani: ngazi bila majina, mfano wa makato (ile slipu yangu ya 2023), pamoja na orodha ya walimu na masomo pembeni. Nikawasomea na maneno ya Mwl wa Nyasa (bila jina), maana dada mmoja wa stafu alikuwa amesema kitu kile kile kwa kulia. Kura zikatoka nane kwa tatu, tubandike. Mwalimu wa taaluma akapinga mpaka mwisho. Nasikia ana mikopo miwili ambayo nyumbani wanajua mmoja. Simlaumu, na karatasi yetu haimgusi.

Mkuu akasema hawezi kubandika bila kupiga simu wilayani. Akapiga pale pale, spika imewashwa. Jibu: ngazi si siri, majina msiweke, makato sawa. Akaulizwa kuna nini kingine. Mkuu akataja safu ya madeni. Kimya kidogo, kisha sauti ikasema hiyo iacheni kwanza, inashughulikiwa.

Karatasi ilikuwa imeshachorwa kwa rula na mwalimu wa Kiswahili, mwandiko wake mzuri, karatasi ya manila. Hatukuwa na nyingine. Kwa hiyo tumebandika na ile safu ipo, kichwa kimeandikwa "Anachodai", chini nyeupe.

#20 Mzee wa Mserereko

Msiikate hiyo safu. Iacheni hivyo hivyo.

#21 ChakiNyeupe

Wiki moja baadaye, nimalizie.

Yule mzee mvuvi alikuja Jumanne, peke yake, ndala mkononi maana mvua ilikuwa imenyesha. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Nikatoka kumsalimia. Akaniuliza, "Huyu Psssf ni nani?" Nikamweleza ni akiba ya uzeeni. Akaenda mbele. Akafika Bodi ya Mikopo, nikamweleza ni mkopo wa chuo. Akasema, "Yaani serikali ilikukopesha usome, ili uje uifanyie kazi, halafu inakukata?" Nikasema ndiyo baba. Hakutoa maoni. Akafika kwenye ile safu nyeupe, akaipapasa kama mtu anayetafuta maandishi yaliyofutika.

"Hii mbona tupu?"

"Tumeambiwa tusubiri."

"Kama ya chaki ingekuwa tupu, mngetuambia tusubiri?"

Sikuwa na jibu. Akaniaga, kesho kutwa yake nikasikia kaenda na wazazi wengine wawili kwa mtendaji wa kata kuuliza kuhusu "ile sehemu nyeupe". Bado hawajajibiwa.

Darasani nako, kidato cha pili wamenakili ile karatasi. Nilikuwa nafundisha asilimia, nikaona bora tutumie ya kwetu kuliko ya kitabu, ya bwana fulani anayenunua baiskeli. Wameipiga kodi vizuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa mmoja aliyeanza kukata kodi kabla ya kutoa PSSSF. Akapata 70,200. Nikamsahihisha, akasema, "Mwalimu, kwa hiyo mimi nimekuonea?"

Na Mwl wa Nyasa, nikupe haki yako. Jana jioni nimepita kwa Mangi kuchukua mchele na mafuta, nikamwambia kama kawaida, andika. Daftari akalifungua, kalamu hakuishika.

"Mwalimu, nilipita pale shuleni. Nimeisoma. Mimi nilikuwa nakuhesabia ile ya juu, ya 771." Akahesabu kwa vidole kitu ambacho sikukiona. "Tufanye hivi, kwanza ile elfu thelathini na nne ya mwezi uliopita."